Kufufua Chombo Kikuukuu cha Mbao Kinacholaza Watu wa Kujitolea: Mwongozo Kamili

Chombo cha mbao kinachosafiri huangaliwa kila siku, kwa sababu roho ya nahodha imo ndani yake. Chombo hichohicho kikifungwa gatini na kugeuzwa bweni la watu wa kujitolea, macho hayo huondoka. Anayelala humo mwezi mmoja hajui kama tone linalomdondokea miguuni lilikuwapo mwaka jana. Anayekuja baada yake huweka sufuria chini ya tone na kusogeza godoro. Vyombo vingi vya namna hii haviuawi na dhoruba, vinauawa na sufuria.

Kabla hujashika nyundo, elewa jinsi mbao inavyooza. Kuvu wanaoila mbao wanahitaji unyevu na hewa kwa pamoja. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 hawaiwezi. Unyevu ukikaribia asilimia 30 wanastawi. Mbao iliyozama muda wote nayo haiozi kwa urahisi, kwa kuwa hewa haifiki. Kinachooza ni cha katikati: kichwa cha mhimili chini ya sitaha, kona ya nyuma ya kitanda, ubao ulio juu kidogo ya mstari wa maji. Tena kuvu hawapendi chumvi. Zamani mafundi wa meli huko Marekani walikuwa wakishindilia chumvi kati ya mataruma, zile mbavu za chombo, ili yadumu. Adui mkubwa wa bweni linaloelea, basi, ni mvua inayopenya kutoka juu na pumzi za waliolala ndani. Mtu mzima akilala usiku mmoja hutoa robo lita ya maji au zaidi kwa pumzi na jasho. Wakiwa wanane, hizo ni lita mbili kila usiku, na zote zinatafuta ubao wa baridi wa kutulia.

Mpangilio wa kazi utakaoufuata hapa chini umetoka kwenye hoja hiyo: kwanza kuzuia mvua ya juu, kisha mwili wa chombo, ndani mwisho. Wengi hufanya kinyume. Huanza na vitanda vipya na rangi nzuri za vyumbani, maana ndivyo wageni wanavyoviona, halafu mwaka wa pili wanavunja vitanda hivyo kufikia taruma lililooza nyuma yake.

Hatua ya 1: Watoe watu, kifunike chombo

Huwezi kukarabati bweni huku watu wamelala ndani. Si suala la usumbufu tu. Kuna vumbi la rangi ya zamani, kuna waya zilizo wazi, na chombo kikiwa nchi kavu kila anayegeuka kitandani anatikisa nguzo zinazokishikilia. Tafuta mahema au chumba cha nchi kavu kwanza. Kama hakuna fedha ya makazi ya muda, basi hakuna fedha ya ukarabati bado.

Kisha jenga paa la muda: fremu ya mbao nyepesi na turubai lililoinuka juu ya sitaha, lenye kingo zinazopita ubavu wa chombo ili maji yaanguke nje. Usilaze turubai juu ya sitaha moja kwa moja. Turubai lililogusa mbao hufungia unyevu chini yake na kuoza huongezeka. Acha omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, wazi ili upepo upite. Fungua milango yote, inua mbao za sakafu, toa magodoro, mapazia, mazulia. Kiache hivyo wiki mbili au tatu. Utashangaa ni mangapi yaliyoitwa "kuvuja" yatakayokoma.

Hatua ya 2: Ukaguzi, tezi na omo

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Anza huko ngamani basi, kwenye tumbo la chini maji yanakokusanyika. Kabla hujayatoa maji hayo, yaulize yametoka wapi. Kama chombo kinaelea baharini, chota kidogo, weka kwenye kisahani cheusi, anika juani. Yakikauka na kuacha ukoko mweupe wa chumvi, yamepenya kwenye maungio ya chini. Yasipoacha kitu, ni ya mvua au ya bomba, na kwenda kutafuta tundu chini ya mkuku, ule mti mkuu wa chini unaobeba chombo, ni kupoteza muda. Kwa chombo cha ziwani au mtoni njia hii haifai. Huko kausha ngama, pima kina kila asubuhi kwa siku saba, na andika siku zenye mvua na zisizo na mvua. Ulinganisho utakujibu.

Baada ya hapo chukua nyundo ndogo na bisibisi yenye ncha. Gonga kila sentimita kumi na tano. Ubao mzima hulia mkavu na nyundo hurudi mkononi. Uliooza hutoa mlio mzito kama wa gunia na nyundo hubaki hapohapo. Mlio ukibadilika, sukuma ncha ya bisibisi. Ikizama bila kubishana, weka alama kwa chaki. Ukinyanyua nyuzi za mbao kwa ncha, zilizo hai huvunjika kwa vijiti virefu, zilizooza hukatika fupifupi kama biskuti. Kipimaunyevu kinasaidia, ila usikiabudu: mbao yenye chumvi humdanganya mpimaji na kuonyesha maji mengi kuliko yaliyopo.

Sehemu za kupekua kwa makini ni vichwa vya mihimili ya sitaha, miguu ya mataruma yanapokutana na mkuku, ubao wa kwanza kando ya mkuku pande zote mbili, nguzo ya omo, fashini, ile nguzo ya nyuma, na kila mahali ambapo chuma kimetoboa sitaha, yaani miguu ya reli, vifungio vya kamba, mlingoti kama bado upo. Chini ya choo na chini ya bafu usipaonee huruma. Ng'oa sakafu yote.

Kama chombo kimekaa kwenye maji ya chumvi, tafuta pia matundu madogo kama ya pini chini ya mstari wa maji. Huyo ni mnyoo wa meli, ambaye hata si mnyoo. Ni jamaa ya chaza mwenye mwili mrefu anayetoboa mbao kwa magamba yake mawili madogo. Nje utaona tundu dogo, ndani ubao umekuwa kama sega la nyuki. Maji yasiyo na chumvi ya kutosha hayamfai. Ndiyo sababu meli ya Vasa, iliyozama Stockholm mwaka 1628, ilipoinuliwa mwaka 1961 ilikuwa bado ina umbo lake: Bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo na mnyoo huyu hakuifikia. Ubao aliouingia hautibiki kwa rangi. Unabadilishwa.

Mwisho wa ukaguzi ni misumari. Chomoa skurubu au misumari kumi kutoka sehemu mbalimbali, si ile mibovu tu iliyokwisha kujitokeza. Ikiwa imeliwa katikati na kubaki kiuno chembamba, hesabu kwamba mingine yote iko hivyo. Mbao ikiwa nyeusi na laini kuzunguka chuma, hiyo ni dalili kwamba viwili hivyo vimekuwa vikilana kwa miaka.

Hapo ndipo mahali pa kuamua. Kama mkuku umevunjika, zaidi ya nusu ya mataruma yamekwenda, na misumari yote imeliwa, utakachofanya si ukarabati. Utakuwa unaunda chombo kipya ndani ya umbo la cha zamani. Yawezekana, lakini sema hivyo mapema kwa wanaotoa fedha na wanaotoa jasho. Chombo cha kuzama hakina usukani, na nimeshuhudia kikundi kizuri kikivunjika kwa sababu hakuna aliyethubutu kulitamka neno hilo mwezi wa kwanza.

Hatua ya 3: Rekodi kabla ya kubomoa

Piga picha za kila kona. Funga kamba nyembamba kutoka omo hadi tezi juu ya sitaha, na nyingine chini kando ya mkuku ukiweza, kisha pima umbali wa kamba na mbao kila mita moja. Vyombo vikongwe hupinda mgongo: katikati huinuka, ncha mbili hulegea. Vipimo hivyo vitakuambia kama chombo kinaendelea kupinda wakati wa kazi. Yape mataruma namba, kushoto na kulia, kutoka omo. Usipofanya hivi, siku ya tatu utasikia watu wanabishana kuhusu "lile taruma la karibu na dirisha".

Ongea pia na mamlaka ya bandari na kampuni ya bima sasa hivi. Chombo cha kulaza watu mara nyingi kina masharti yake kuhusu njia za kutokea, vizimamoto na idadi ya watu, na ni nafuu kuyajua kabla ya kupigilia kiambaza kuliko baadaye.

Hatua ya 4: Kukipandisha nchi kavu

Kazi ya chelezo, pale vyombo vinapopandishwa nchi kavu, waachie wenye chelezo. Wewe simamia jambo moja: uzito wote ubebwe na mkuku. Magogo ya kukalia yawe mengi, yapangwe karibu karibu urefu mzima wa mkuku, na yakae juu ya ardhi ngumu. Gadi, zile nguzo za pembeni, ni za kuzuia chombo kisianguke tu. Zikibeba uzito zitabonyeza ubavu ndani na kukupa chombo chenye umbo jipya. Ziweke mahali penye kiambaza au taruma imara upande wa ndani, zifungane mbili mbili kwa mnyororo chini ya mkuku, na asiyejua asiguse hata moja. Kila asubuhi mtu mmoja, yuleyule, anazikagua.

Kama mgongo umepinda, usiunyooshe kwa siku moja. Panga magogo ya katikati yawe chini kidogo na uache uzito wa chombo wenyewe ufanye kazi, milimita chache kwa wiki, huku ukisikiliza. Mbao ikilia, simama.

Jua na upepo ni hatari nyingine. Chombo kilichozoea maji kikikauka haraka, mbao husinyaa na maungio hufunguka kiasi cha kupitisha kidole. Tundika magunia au turubai pande zote mbili za ubavu, na lowesha ardhi chini yake, kwa maji ya chumvi kama yapo.

Hatua ya 5: Kubandua rangi ya zamani

Chukulia kwamba rangi yoyote kongwe ina madini ya risasi mpaka kipimo kikuonyeshe vinginevyo. Kwa hiyo hakuna kupiga msasa mkavu na hakuna kuchoma kwa moto wazi. Tumia vikwaruzio vya mkono, kiyeyusho cha rangi, au hewa ya moto ya kiasi. Tandaza karatasi ya plastiki chini, kusanya magamba yote, vaa barakoa yenye vichujio vya vumbi laini, nawa mikono kabla ya kula. Watoto na wajawazito wakae mbali kabisa na eneo hilo. Rangi ya chini ya mstari wa maji ina sumu ya kuzuia viumbe visigande. Zile zenye bati zilipigwa marufuku na mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2008, lakini tabaka za chini kabisa za chombo kikuukuu zaweza kuwa nazo bado. Hapa wajitoleaji wapya wanafaa sana, mradi wapate vifaa na mtu wa kuwakumbusha kuvivaa saa ya joto inapofika.

Hatua ya 6: Mataruma na mbao

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kanuni kuu ni kutokipa chombo nafasi ya kusahau umbo lake. Usitoe mataruma mawili yanayofuatana kwa pamoja. Toa moja, ruka mawili, toa jingine. Weka mapya, ndipo urudi kwa yaliyobaki. Vivyo hivyo kwa mbao za ubavu: usiubomoe upande mmoja wote hata kama wote ni mbovu. Kabla ya kutoa chochote funga mihimili ya muda ndani, ubavu hadi ubavu.

Taruma lililopinda kwa mvuke linahitaji mbao yenye nyuzi zilizonyooka, isiyokauka sana. Iliyokaushwa kwenye tanuri huvunjika. Tengeneza sanduku refu la mbao, liunganishe kwa bomba na chombo cha kuchemshia maji, weka mbao humo saa moja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ikitoka una sekunde chache tu, chini ya nusu dakika, kuikimbiza mpaka mahali pake na kuibana. Fanyeni mazoezi ya kukimbia na kijiti kibaridi kwanza, kila mtu ajue atasimama wapi. Pikeni mbao za akiba, maana moja kati ya kadhaa itavunjika na haitakuwa kosa la mtu. Umbo likiwa gumu mno, gundisha vipande vyembamba kadhaa juu ya kigezo. Hilo halihitaji mvuke.

Usifanye mkato wa kupachika taruma jipya ubavuni mwa bovu na kuliacha bovu mahali pake. Uozo uliobaki utahamia kwa jirani, na kati ya mawili hayo maji yatapata mfuko wa kujificha.

Ubao wa ubavu ukiwa na uozo mdogo, mdogo kuliko kiganja, chonga shimo mpaka ufikie mbao hai, kisha chongea kiraka cha mbao ya aina ileile, nyuzi zikielekea upande uleule, na ukigundishe. Zaidi ya hapo badilisha kipande kizima. Kipande kipya kifike mbali vya kutosha kupita mataruma kadhaa. Kanuni ya zamani ya waunda vyombo ni kwamba viungo vya mbao mbili zinazopakana vitengane kwa nafasi tatu za mataruma, na viungo viwili visikae kwenye taruma moja mpaka kuwe na mbao tatu nzima kati yao. Ukiunga kwa hanamu, yaani kwa mkato wa mshazari, mlalo uwe mara nane ya unene au zaidi: ubao wa sentimita tatu unahitaji hanamu ya sentimita ishirini na nne. Kwa gundi ya epoksi wengi hufika mara kumi na mbili.

Chagua mbao ya kiini cha mti, si ile nyeupe ya nje ambayo kuvu huila kwanza. Mwaloni, msaji na mvule zina sifa yao, lakini muhimu zaidi ni mbao mpya ifanane na jirani zake kwa uzito na ugumu. Ubao mgumu kati ya laini hautanuki sawa na wenzake, nao utasukuma.

Misumari nayo usichanganye. Chombo kilichofungwa kwa chuma kilichopakwa zinki kiendelee na chuma hicho. Cha shaba kiendelee na shaba. Metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi ni betri, na moja italiwa. Shaba ya manjano usiitumie chini ya maji hata kidogo: zinki iliyomo hutoka, ikabaki kitu cha rangi ya waridi kinachovunjika kwa vidole. Chuma kisichoshika kutu kinapendeza dukani, lakini kikizibwa ndani ya mbao iliyolowa, bila hewa, hushimbika kwa siri. Skurubu za bronzi ni ghali, na kwa chombo kisichofungwa kwa chuma ndizo ninazozipendekeza.

Kuna atakayekuja na wazo la kufunika chombo chote kwa faiba, lile ganda gumu la nyuzi za kioo na gundi, na kumaliza udhia. Kwa chombo kikuukuu kilichoungwa kwa mbao nyingi, mkatalie. Mbao zitaendelea kutanuka na kusinyaa chini ya ganda lisilotanuka, ganda litaachia, maji yataingia kati yake na yasitoke. Kwa nje kitang'aa miaka michache huku ndani kinageuka uji.

Hatua ya 7: Kukalafati

Kukalafati ni kuziba maungio ya mbao yasipitishe maji. Safisha kila ungio kwa kikwaruzio kilichopindwa, utoe pamba na puti ya zamani bila kuchubua kingo. Ungio zuri limebana upande wa ndani na kufunguka nje. Kwa mbao nyembamba tumia pamba. Kwa nene tumia nyuzi za katani zenye lami, au pamba kwanza na katani juu yake. Ishike pamba kwa vikunjo vidogo vidogo, uivute zaidi pale ungio lilipopanuka, kisha ipigilie kwa chembeu. Usipige mpaka itokee ndani. Ikijaa vizuri mlio wa nyundo hubadilika, unakuwa wa juu na wenye kurudi, na sikio likishaujua halihitaji kuambiwa. Acha milimita tatu hadi tano juu yake, paka rangi ya msingi ili pamba ishikamane, kisha jaza puti laini ya vyombo. Usijaze epoksi wala saruji. Mbao zikitanuka zitavunjika kingo.

Kosa la kawaida ni kujaza sana. Chombo kikiwa kikavu maungio ni mapana, na mtu mwenye nguvu hushindilia kama anayefunga gunia. Mbao zikirudi majini na kutanuka hazina pa kwenda, na zinang'oa misumari au kuvunja mataruma uliyoyapinda kwa taabu. Ungio moja lipigwe na mkono mmoja mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa kila mtu ana uzito wake wa nyundo.

Hatua ya 8: Sitaha, matundu, rangi

Sitaha ndiyo paa la bweni, ikarabati kwa kiwango cha paa. Kila kifaa kilichofungwa kwa bolti kitolewe, tundu lipanuliwe, lijazwe epoksi, litobolewe tena katikati na kurudishwa na gundi inayonyumbulika. Kazi inachosha na haina sifa, ila ndiyo itakayozuia lile tone la miguuni. Maji yawe na njia ya kukimbilia: sehemu yoyote inayohifadhi dimbwi baada ya ndoo moja ya maji inahitaji tundu la kutolea au kuchongwa mteremko.

Matundu ya ubavuni chini ya mstari wa maji yapunguze. Bweni halihitaji nusu ya matundu ya chombo cha safari. Yaliyobaki yawe na vali za bronzi zinazofunga kwa mkono, na kando ya kila moja ning'iniza kwa kamba kizibo cha mbao cha ukubwa wake.

Vipande vya zinki vya kuzuia kutu weka kwa kiasi. Zinki ikizidi kwenye chombo cha mbao hutengeneza magadi yanayolainisha mbao kuzunguka misumari.

Ukitumia mafuta ya kitani kwenye mbao, matambara yake yanaweza kuwaka yenyewe yakirundikwa. Yatandaze yakauke nje, moja moja, au yazamishe kwenye ndoo ya chuma yenye maji. Karakana zimeungua kwa rundo la matambara ambalo hakuna aliyelisogelea na kiberiti.

Hatua ya 9: Ndani, wanapolala watu

Usirudishe vyumba kama vilivyokuwa. Kila mbao ya ukuta iwe ya kufunguka kwa skurubu, ili ubavu uonekane bila kuvunja kitu. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya kitanda na ubavu. Vitanda viwe na chaga zilizoachana, kamwe si ubao mzima, la sivyo godoro litaota ukungu upande wa chini kabla ya msimu kwisha. Hewa iingie chini na kutoka juu: matundu kwenye milango, kwenye sakafu kuelekea ngama, na vipitisha-hewa sitahani vinavyokinga mvua na ambavyo mtu hawezi kuvifunga. Wakiweza kuvifunga watavifunga, usiku wa kwanza wenye baridi.

Kila chumba cha kulala kiwe na njia mbili za kutokea, na ile ya pili, tundu la sitahani, lifunguke kwa ndani bila ufunguo na limpitishe aliye mnene kuliko wote. Mjaribishe kweli. King'ora cha moshi na king'ora cha kaboni monoksidi kila chumba. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata kwa dakika moja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka ngamani na kungoja cheche. Mtungi ukae sitahani, ndani ya sanduku lenye tundu chini linalomwaga nje ya chombo, na vali ifungwe baada ya kila mlo. Kizimamoto kiwe mlangoni mwa jiko, upande mtu anaokimbilia, si nyuma ya moto.

Umeme wa nchi kavu upite kwenye kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha milliampia 30, na waya zipande juu, mbali na ngama. Kazi hii afanye fundi wa umeme mwenye leseni. Amua idadi ya vitanda kwa kuangalia hewa, njia za kutokea na choo. Nafasi ya kutosha godoro si kipimo.

Hatua ya 10: Kukirudisha majini

Siku kadhaa kabla, lowesha ubavu kutwa mara nyingi. Kisha kishushwe polepole na kibaki kimening'inia kwenye mikanda au kimeegemea chelezo, huku mtu akiwa ngamani na tochi. Kitavuja. Chombo cha mbao kilichokauka lazima kivuje, na mbao hufunga zenyewe kwa siku chache au wiki chache. Uwe na pampu mbili zenye vyanzo viwili tofauti vya umeme, na ndoo. Usiku wa kwanza mtu halali. Pampu ikizidi kufanya kazi badala ya kupungua, kipandishe tena. Usizibe ufa kwa matumaini. Wajitoleaji wasirudi kulala mpaka ngama ikae siku saba bila kuongezeka maji kwa namna ya kutisha, na swichi ya kuelea, inayowasha pampu maji yakipanda, iwe imejaribiwa kwa mkono.

Jambo la mwisho ni daftari. Litundike kwa kamba karibu na ngazi, kalamu ikiwa imefungwa nayo. Kila asubuhi aliye zamu anaandika tarehe, kina cha maji ngamani kwa sentimita, mvua au jua, watu wangapi wamelala, na tone lolote alilosikia usiku na lilikuwa juu ya kitanda namba ngapi. Anayeondoka anampitisha anayeingia ukurasa wa mwisho, huku wameinua ubao wa sakafu na kuangalia chini pamoja. Sufuria zibaki jikoni.